Wageni wa Dirishani Katika Siku za Theluji

Sisi tuliolelewa katika pwani hii tumezoea kudhani kwamba kipupwe ndicho kikomo cha baridi, na mtu ajifunikaye shuka mbili alfajiri ya mwezi wa Julai huhesabiwa kuwa ameionja baridi sawasawa. Kwa sababu hiyo si rahisi kwetu kutasawari hali ya mzee wa miaka 85 aketiye kando ya dirisha katika makao ya wazee huko Minnesota, kaskazini ya Marekani, mwezi wa Januari, wakati joto limeshuka hata likafika nyuzi 20 chini ya sufuri, maji ya maziwa yakaganda yakawa sakafu ya kupitisha magari, na jua, ambalo kwetu humngojea mwadhini wa magharibi pasipo haraka, kule huzama katika siku za Desemba mnamo saa kumi na nusu alasiri.

Mzee huyo hatoki nje. Njia ina barafu, na kwa mtu ambaye mifupa yake imekwisha kukauka, kuteleza mara moja kwaweza kuwa ndio mwisho wa kutembea kwake. Bustani aliyokuwa akiizunguka kwa mkongojo mwezi wa Septemba imezikwa chini ya theluji. Watoto na wajukuu wanakaa miji ya mbali, na hata walio karibu, barabara zikizibwa, hupiga simu wakatoa udhuru. Basi kwa muda wa miezi minne au mitano dunia yake huwa ni chumba chake, ukumbi wa chakula, na kioo cha dirisha. Na ni katika kioo hicho ndipo ndege waingiapo katika habari hii.

Makao yenyewe yahitaji maelezo machache, kwa kuwa kwetu mzee hukaa kwa wanawe, na mtu akitajiwa nyumba ya wazee mara humjia moyoni picha ya watu waliotupwa. Kule wamo waliotupwa, sikatai, lakini wamo pia waliouza nyumba zao kwa hiari wakahamia vyumba vya makao hayo ili wawe karibu na wenzao wa rika. Wamo wanaojipikia na kujifulia, wamo wanaosaidiwa kuoga na kuvaa, na wamo wagonjwa wasiotoka kitandani. Sheria ya Marekani huzilazimisha nyumba za uuguzi kuwa na mpango wa shughuli kwa ajili ya wakazi wake, na kwa hiyo huwapo mtu maalumu ambaye kazi yake ni kuandika kalenda na kuibandika ukutani: Jumatatu mazoezi ya viungo, Jumanne bingo, Jumatano nyimbo za zamani. Ifikapo Januari, sikukuu zikiisha na mapambo yakishuka, mtu huyo huwa ameishiwa na maarifa, na mara nyingi huwaendea ndege.

Sitaficha rai yangu kwamba mengi katika yale yanayofanywa kwa jina la ndege hayana uzito. Kukata karatasi nyekundu kwa umbo la ndege na kuigundisha pamba iwe theluji ni kazi ya watoto wa chekechea, na mzee aliyepata kuendesha garimoshi au kufundisha hesabu kwa miaka 30 hujua vema kwamba anashikishwa mkasi ili muda upite. Bingo ya picha za ndege ni bingo ile ile iliyovikwa manyoya. Simdharau anayefurahia mambo hayo, kwa maana furaha ya uzeeni haipimwi kwa mizani ya vijana. Nasema tu kwamba ndege wa karatasi hana njaa, na kila nitakalolieleza hapa linatokana na njaa ya ndege wa kweli.

Mwaka 1991 tabibu mmoja kijana, Bill Thomas, alikabidhiwa uangalizi wa wagonjwa katika nyumba ya uuguzi iitwayo Chase Memorial, katika mji mdogo wa New Berlin, jimbo la New York. Akaona kwamba dawa alizokuwa akiziandika kila siku hazikuyagusa maradhi matatu makubwa yaliyokuwa yakiwatafuna watu wale, nayo ni upweke, uchovu wa kukosa la kufanya, na kule kujiona kwamba hutegemewi tena kwa jambo lolote. Dawa aliyoiomba serikalini ikubaliwe ilikuwa ya ajabu: mbwa wawili, paka wanne, na kasuku wadogo mia moja. Kisa cha kuwasili kwao kimesimuliwa na tabibu mwenziwe, Atul Gawande, katika kitabu chake Being Mortal cha mwaka 2014: ndege walitangulia kufika na vizimba vyao vikachelewa, na yule aliyewaleta, pengine kwa kuwa alikuwa na safari nyingine, akawafungulia wote ndani ya chumba cha kutengenezea nywele, akafunga mlango akaenda zake. Vizimba vilipofika, vilikuwa bado vipande vipande ndani ya maboksi. Tabibu, mkewe na wafanyakazi wachache wakashinda wakiunga vizimba na kufukuzana na ndege katika wingu la manyoya, huku wazee wamejipanga nje ya vioo wakitazama na kuvunjika mbavu kwa kicheko. Nyumba ambayo kwa miaka ilinuka dawa na ukimya ilipata siku moja ya ghasia, na baada ya hapo watu waliodhaniwa kuwa hawawezi kusema walianza kusema, na wengine wakaja kwa hiari yao kuomba wapewe mbwa wakamtembeze.

Kabla yake, mwanamke mmoja wa Uingereza alikuwa ameyagusa mambo hayo. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, aliandika kwamba kiumbe mdogo wa kufugwa ni sahibu mwema wa wagonjwa, hususan wenye maradhi ya muda mrefu, na kwamba ndege kizimbani huwa pengine ndiyo furaha ya pekee ya mtu aliyefungiwa chumba kimoja miaka na miaka. Naye hakusema kwa kubahatisha, kwa kuwa alipata kumwokoa kinda la bundi mjini Athens mwaka 1850, akamwita Athena, akawa akisafiri naye amemtia mfukoni.

Kwa msomaji wa Mombasa au Unguja habari ya bundi mfukoni haitakuwa ya kufariji. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hunong'onezana, na wako watakaomfukuza kwa mawe usiku huo huo. Kule, bundi mweupe wa kaskazini akionekana juu ya nguzo ya umeme karibu na makao, wazee hupelekwa dirishani kwa viti vya magurudumu ili wamwone, na jina lake huandikwa kwa taadhima. Nalitaja jambo hili kwa sababu, miongoni mwa wahudumu wanaovisukuma viti hivyo katika miji ya Minnesota na Massachusetts, wamo wengi waliotoka Kenya na nchi jirani, na nadhani mmoja wao, akielezwa kwamba shughuli ya leo ni kumtazama bundi, lazima kwanza avute pumzi.

Watu wa elimu ya nafsi nao wana habari yao. Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha uchunguzi walioufanya katika nyumba ya wazee ya Connecticut: wakazi wa ghorofa moja waliambiwa kwamba mambo yao yamo mikononi mwao, wakapewa kila mmoja mche wa kuutunza mwenyewe, wa ghorofa nyingine walipewa miche kama hiyo, ila wakaambiwa kwamba wauguzi ndio watakaoimwagilia maji. Wale wa kwanza wakawa wachangamfu na wepesi zaidi. Mwaka 1983 George Banziger na Sharon Roush wakaandika katika jarida la The Gerontologist habari iliyo karibu na maudhui yetu, kwani wao mahali pa mche waliweka chombo cha kulishia ndege, wakawakabidhi wazee dhamana ya kukijaza; na wazee waliokabidhiwa wakaonekana kuridhika na maisha yao kuliko walivyokuwa, na kuwa watendaji zaidi. Tazama basi ilipo siri yenyewe. Mzee wa makaoni hupokea tangu asubuhi hata usiku: hupokea chakula, hupokea dawa, hupokea mkono wa kumwinua, na kupokea kusikokoma, hata kukiwa kwa hisani, humpunguza mtu. Ndege akitua dirishani, mpokeaji hugeuka akawa mtoaji.

Hao ndege ni akina nani? Wengi wa ndege wa kaskazini huhama baridi ikikaribia, na baadhi ya wale wa Ulaya, kama mbayuwayu na korongo weupe, huja kuumalizia mwaka katika mashamba na mbuga zetu, hata ikawa ndege anayeagwa na mzee wa Ujerumani mwezi wa Septemba huonwa na mkulima wa Tanzania majuma kadhaa baadaye. Lakini wako wasiohama, na hao ndio rafiki wa dirishani. Kadinali, aliyepewa jina hilo kwa kufanana rangi na majoho ya wakuu wa Kanisa la Roma, hubaki mwekundu juu ya theluji nyeupe mfano wa kaa la moto lililoanguka juu ya unga; majimbo saba ya Marekani yamemfanya kuwa ndege wao wa nembo, na watu wa kawaida husema kwamba akija mlangoni ni salamu za mpendwa aliyefariki. Itikadi hiyo haina hoja ya kuithibitisha, lakini katika nyumba ambayo wengi ni wajane haikosi wasikilizaji. Yuko junko, ndege wa kijivu na tumbo jeupe, ambaye hushuka kutoka misitu ya Kanada pamoja na baridi, na wazee wa mashamba humwita tangu zamani ndege wa theluji. Yeye hupenda kuokota chini, kwa hiyo punje zake hunyunyizwa ardhini. Yuko kigogota mdogo mwenye madoa, ajaye kudonoa shahamu.

Ila apendwaye kuliko wote, kwa niliyoyasoma na kuyasikia, ni chikadii. Huyu ni ndege wa kofia nyeusi mwenye gramu 11 au 12 hivi, yaani uzito wa vijiko vitatu vidogo vya sukari, naye hulala nje katika baridi inayoweza kumwua ng'ombe. Huwezaje? Usiku hushusha joto la mwili wake kwa nyuzi 10 hivi, akawa kama taa iliyopunguzwa utambi ili mafuta yafike asubuhi. Na mchana huficha mbegu moja moja katika nyufa za magome ya miti, mamia kwa mamia, kisha huzikumbuka zilipo hata baada ya majuma kadhaa. Wazee wasiokumbuka walipoiweka miwani yao asubuhi ile ile huisikiliza habari hii kwa kicheko chenye wivu ndani yake. Sauti yake hutamka jina lake, na mkia wa sauti hiyo, ile "dii, dii, dii", huongezwa kwa kadiri ya hatari: akimwona adui mdogo mwepesi, ambaye ndiye wa kuogopwa zaidi, huzidisha idadi ya "dii", na ndege wengine wote wa jirani husikia wakajua.

Kazi ya mikono ambayo siikosoi ni ile ya kupika chakula cha ndege. Hutafutwa matunda makavu ya msonobari, yale yenye magamba, yakapakwa siagi ya karanga mpaka nafasi zote zijae, kisha yakagaragazwa katika mbegu za alizeti na kufungwa uzi wa kutundikia. Wengine huiyeyusha shahamu ya ng'ombe, wakatia unga wa mahindi na karanga zisizo na chumvi, wakaimimina katika vikombe igande. Wako watungao bisi katika uzi kama watunga asumini. Nimesema siikosoi, na sababu ni hii: mwanamke aliyekanda unga kwa miaka 60, na ambaye tangu alipohamia makaoni hajaruhusiwa kuligusa jiko, akitiwa bakuli mbele yake mikono hukumbuka yenyewe, hata ile iliyokunjwa na baridi yabisi, na hata ile ya mtu aliyekwisha kusahau majina ya wanawe. Hapo tena ndipo mazungumzo yazukapo. Kukanda huleta habari za mama, na mama huleta habari za shamba, na shamba huleta habari za ndugu aliyekuwa akiwinda kware kwa gobori, nayo hayo yote huja bila mtu kuulizwa, kama katika darasa, "Je, unakumbuka nini?"

Kisha kuna kuhesabu, na hapa mzee hugeuka kutoka mlishaji akawa msaidizi wa wanazuoni. Zamani, siku ya Krismasi, Wamarekani wengine walikuwa na desturi ya kutoka na bunduki kwa makundi mawili na kushindana ni nani atakayerudi na mizoga mingi, ya ndege na ya wanyama. Frank Chapman, mtaalamu wa ndege katika jumba la makumbusho ya maumbile la New York, alipendekeza kwamba siku hiyo ya tarehe 25 Desemba 1900 watu wawahesabu ndege badala ya kuwaua. Wakatokea 27 katika mahali 25. Hesabu hiyo haijakoma hata leo, nayo hufanywa kati ya tarehe 14 Desemba na 5 Januari, katika duara zenye upana wa kilomita 24, na mtu ambaye dirisha lake limo ndani ya duara aweza kuhesabu akiwa amevaa kandambili. Mwezi wa Februari huwapo nyingine ya siku nne, iliyoanzishwa mwaka 1998, ambayo humtaka mtu dakika 15 tu. Waingereza nao wana saa yao moja ya mwisho wa Januari, tangu mwaka 1979.

Inayowafaa wazee zaidi, kwa maoni yangu, ni ile iitwayo Project FeederWatch, iliyoanza Ontario, nchini Kanada, mwaka 1976, kisha ikaenea bara zima katika majira ya baridi ya 1987, chini ya uangalizi wa chuo cha ndege cha Cornell na wenzao wa Kanada. Huanza Novemba na kuisha Aprili, yaani huufunika muda wote wa kifungo cha baridi. Mtu huchagua siku mbili zinazofuatana, akatazama kwa muda apendao, akaandika. Lakini haandiki ovyo. Wakija kadinali watano asubuhi na saba adhuhuri, jawabu si kumi na mbili, kwa maana huenda watano wa asubuhi wamo katika saba wa adhuhuri. Jawabu ni saba, ile idadi kubwa iliyoonekana kwa mara moja. Nimesikia kwamba kanuni hii huzusha hoja kali kuliko siasa, hasa palipo na mhasibu aliyestaafu. Na daftari hizo si mchezo: katika majira ya baridi ya 1994 watazamaji wa madirishani, huko upande wa mashariki wa Marekani, walianza kuona ndege waliovimba macho, na kwa taarifa zao maradhi yale mapya yakafuatwa hatua kwa hatua yalivyoenea nchini.

Uzee una vizuizi vyake hata katika jambo hili dogo. Sikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, na ziko nyimbo za ndege ambazo ni nyembamba mno hata mtu aliyezisikia maisha yake yote hugundua siku moja kwamba msitu umenyamaza, asijue kama walioondoka ni ndege ama ni masikio. Darubini nazo ni nzito kwa mkono unaotetemeka. Kwa hiyo mahali pa kukitundika chombo ni mas'ala makubwa: kikiwa karibu sana na kioo, chini ya mita moja, jicho dhaifu huona, na ndege akishtuka huwa hajapata mwendo wa kujivunja shingo. Kikiwa mita tatu au tano, hapo pana hatari, kwa maana ndege huruka kwa nguvu akauvamia mti alioona ndani ya kioo. Wachunguzi wamekadiria kwamba vioo vya majengo ya Marekani huwaua ndege wasiopungua milioni 365 kila mwaka. Vyombo vioshwe kila baada ya majuma mawili hivi, maana penye ndege wengi pana maradhi mengi, na theluji iondolewe. Kazi hizi za nje mzee haziwezi. Humwagiza mhudumu, na katika kuagiza huko husikika sauti ambayo pengine haijasikika kwa muda, sauti ya mwenye nyumba.

Zipo siku ambazo ndege hawaji. Dhoruba huvuma tangu usiku, kioo hugeuka cheupe, au kipanga amekaa juu ya mti wa pili na habari zake zimekwisha kuenea kwa "dii" nyingi. Mwenye daftari huketi muda wake wote, miguu imefunikwa blanketi, chai ikapoa. Kanuni za FeederWatch humtaka aandike hata hivyo, kwa sababu siku isiyo na ndege nayo ni habari, na mwanachuoni akikosa kuambiwa hawezi kujua kama ndege hawakuja ama mtazamaji ndiye aliyelala. Basi huandika tarehe, huandika saa, huandika kina cha theluji, na mahali pa idadi hutia sufuri. Kisha humwita mhudumu amwulize kama shahamu imebadilishwa.